Sentimita Arobaini na Nane

Nimewaachia utepe wa mita hamsini, nyundo ya kupigilia vigingi, ndoo ya chokaa na madaftari matatu ambayo mchwa wameyala pembeni tu, kwa adabu. Kamba sikuwaachia. Mmeiona miaka yote ikining'inia ukutani nyuma ya meza yangu, ina vitambaa vyekundu vilivyopauka, na mmoja wenu aliwahi kuniuliza kama ninafuga mbuzi. Nilimwambia mbuzi yuko malishoni. Sasa nimestaafu, sina wa kuniharakisha, naweza kumjibu vizuri.

Nilifika kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale mwishoni mwa mwaka wa tisini na sita, nikitokea Kivu Kusini kwa kuzunguka: kwanza ziwa, halafu Tanzania, halafu mpaka wa Kikagate, na miguu ikafanya sehemu kubwa ya kazi. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu. Nyumbani nilikuwa fundi wa kujenga, na kuta za kanisa letu nilizisimamisha mimi. Katika mfuko wangu mlikuwa na Biblia, shati moja, na mita ya kukunja ya marehemu baba, ya mbao, ya njano, ambayo ukiifungua vipande vyake vyote inatoa mita mbili kamili. Rangi ilikuwa imetoka kwenye sentimita kumi za kwanza, maana hapo ndipo vidole vya fundi hushika maisha yake yote.

Ofisi ya viwanja siku hizo ilikuwa chumba kimoja cha udongo. Walitafuta mtu anayejua kuhesabu na asiyechoka kutembea. Nikasema ninajua la kwanza, na la pili nimetoka kulithibitisha. Nikapelekwa kwa Mzee Byaruhanga, Mnyankore wa Masha, mrefu, mwenye kofia ya kitambaa na fimbo ya mchunga ng'ombe. Yeye ndiye aliyewapimia watu viwanja vya nyumba.

"Leta hiyo kitu yako nione," akaniambia.

Nikampa ile mita. Akaifungua kipande kwa kipande, akaigeuza upande wa pili, akairudisha upande wa kwanza.

"Futi iko wapi?"

"Haina futi, Mzee. Ni mita tupu."

"Sasa ni ya kupima nini?"

"Nilipimia kanisa."

"Hiyo kanisa ilisimama?"

"Ilisimama."

"Sawa. Hapa hakuna kanisa, hapa iko vichaka na watu. Shika kamba, wewe Mukongo."

Ndivyo nilivyoajiriwa.

Kamba yake ilikuwa ya katani, urefu wa futi mia, na kila futi kumi ilifungwa kitambaa chekundu. Kiwanja cha nyumba kilikuwa futi hamsini kwa mia: hamsini kando ya barabara, mia kwenda nyuma. Mimi nilishika mwanzo, yeye alitembea na mwisho, na kati yetu kamba ilinyooka juu ya majani kama mstari katika daftari la mtoto mwenye mkono mzuri. Nyuma yetu watu walisimama na vyungu vyao, magodoro yao na kuku wao, wakisubiri kuambiwa dunia yao mpya inaanzia wapi.

Mzee Byaruhanga hakuwa mtu wa kufundisha. Alikuwa mtu wa kukataa, na kwa kukataa kwake nikajifunza. Alikataa kupima kabla umande haujakauka. "Kamba ni kama ng'ombe," alisema. "Ikikunywa maji inabadilika mwili. Ng'ombe inanenepa, kamba inakuwa fupi." Alikataa kupima mvua ikinyesha, hata mkuu wa ofisi alipokuja na mwavuli kumhimiza. Alikataa kuamini kamba yake mwenyewe. Kila Jumatatu aliilaza chini, akaipima kwa mti mnyoofu wa futi kumi aliokatiwa mjini Mbarara na fundi seremala, akahesabu mara kumi, na kama imelegea akasogeza vitambaa. Mwalimu asiyejiamini, nimekuja kuona, ndiye mwalimu wa kuaminiwa.

Siku moja tulikwenda Mbarara kununua chokaa. Mvua ikatushika, tukajikinga katika duka la vifaa vya shule. Nikanunua rula ya plastiki, ile ya watoto, yenye sentimita upande mmoja na inchi upande mwingine. Nikaishika mbele ya mzee kama mtu aliyeshinda kesi.

"Nimekupata, Mzee. Futi yako ni sentimita thelathini. Angalia mwenyewe."

Akaisogeza karibu na jicho. Kidole gumba chake kikatembea polepole hadi mwisho wa rula, pale ambapo inchi ya kumi na mbili imepita thelathini na kusimama mbele kidogo, kama mtu aliyevuka mlango kabla hajakaribishwa.

"Na hii iliyobaki?"

Ilikuwa upana wa punje ya mtama.

"Hiyo punje ya mtama si kitu, Mzee."

"Moja si kitu," akasema. "Mia ni vitu mia."

Nilicheka. Mvua ikakatika, tukabeba chokaa yetu. Vijana, ninawaandikia hadithi nzima kwa sababu ya ule mcheko.

Katika miezi ya kwanza ya mwaka wa tisini na saba tulipima mstari mrefu wa viwanja arobaini kando ya barabara ya vumbi iendayo ziwani. Kiwanja cha tisa tulimpa mwanamke wa kwetu, aliyekuja bila mume. Mkononi alimshika binti wa miaka mitatu aitwaye Neema, na mgongoni alifunga mtoto mchanga, mdogo hata kitenge kilikuwa kama hakijafunga kitu. Mzee Byaruhanga alipopigilia kigingi cha mwisho, mwanamke akauliza:

"Papa, mwisho wangu ni hapa?"

"Hapa," akasema mzee. "Ng'ombe ya mtu ikivuka, wewe nafukuza."

Mwanamke akatembea kigingi hadi kigingi, na kila alipofika aliweka unyayo wake pembeni mwa kigingi, akasimama kidogo. Nimewapimia watu wengi tangu siku ile. Wengi hushukuru, wengine hubishana. Huyu peke yake ndiye niliyemwona akionja mpaka wake kwa mguu.

Wiki mbili baadaye nilipita pale. Mama Neema alikuwa akilima, na mgongo wake ulikuwa mtupu. Miaka ile hatukuulizana. Mgongo mtupu ulikuwa swali na jibu lake. Nikamsalimu, akaitika, nikaenda zangu.

Miaka iliyofuata nikawa mkalimani wa vipimo. Wakongo tulijenga kwa mita; Mbarara iliuza mbao kwa futi na inchi. Mtu wetu aliomba mbao ya mita nne, akapewa ya futi kumi na nne, akarudi analalamika kwamba imezidi sentimita ishirini na saba, kana kwamba kuzidi ni kuibiwa. Mchungaji wa kanisa letu aliagiza mlango mjini: mita mbili kwenda juu, sentimita tisini upana. Seremala alimsikiliza kwa heshima, akatengeneza futi saba kwa tatu, kwa sababu mlango wowote aliowahi kuutengeneza ulikuwa futi saba kwa tatu. Ulipofika, ukawa umeupita ukuta kwa kiganja na vidole. Tukavunja ukuta juu. Mchungaji akasimama chini ya vumbi akasema, "Basi, hata warefu wataokoka."

Baada ya mlango ule nikaandika kwenye kipande cha boksi na kukitundika ofisini: inchi ni sentimita mbili nukta tano nne, futi ni thelathini nukta nne nane, yadi ni tisini na moja nukta nne nne. Watu walikuja kukisoma. Wengine walikinakili kwenye kurasa za mwisho za Biblia zao, baada ya ramani za safari za Paulo. Mimi ndiye niliyeandika nukta nne nane kwa mkono wangu. Kumbukeni hilo mkifika mbele.

Mzee Byaruhanga aliacha kazi macho yalipoanza kumwacha yeye. Alikwenda Masha kwenye migomba na ng'ombe wake, na kamba akaondoka nayo. Hakuna aliyeiomba. Tulikuwa tumepata utepe wa mita hamsini, mweupe, unaojikunja wenyewe ndani ya kopo lake, na tuliuona kama maendeleo.

Halafu watu wakaja wengi tena kutoka kwetu. Mistari ya nyuma ikabidi ifunguliwe. Ofisi ilikuwa na afisa mpya, Madamu Kemigisha, mwenyeji wa Mbarara, mchapakazi, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alileta fomu ambazo vipimo vyake vilikuwa tayari vimechapwa kwa mita. Viwanja vyote vya zamani viandikwe upya, mpaka wa nyuma wa kila mstari upigiliwe vigingi, na nyuma yake waanze wageni.

"Mzee Elia," akaniambia, "hizi za mstari wa ziwani nazihitaji kesho."

Elia ndiye mimi. Nikaketi mchana mmoja nikajaza fomu arobaini. Kipande cha boksi kilikuwa ukutani, hatua tatu kutoka kwenye kiti changu. Sikuinuka. Kichwani mwangu kulikuwa na wimbo wa rula: kumi ni tatu, hamsini ni kumi na tano, mia ni thelathini. Nambari zisizo na nukta zina utamu wake, hazikwaruzi kalamu. Kesho yake tukashuka na utepe. Pande za mbele na za ubavuni hatukuzigusa, nyumba na nyua zilikuwa zimeshashikamana nazo. Tulipima mita thelathini kutoka barabarani, tukapigilia mstari mpya wa nyuma, ambako vigingi vya mzee vilikuwa vimeliwa na mchwa zamani, na ambako kwa macho yangu hakukuwa na kitu ila majani.

Mia ni vitu mia. Sikukumbuka.

Kiwanja kilichoangukia nyuma ya Mama Neema alipewa Bahati, baba wa watoto sita, mtu mpole mwenye kucheka, ambaye mkewe hakuweza kutembea bila fimbo mbili. Kanuni ya ofisi ilikuwa moja kwa wote: choo kabla ya mvua, la sivyo kiwanja kinapewa mwingine. Na kiwanja cha Bahati kilikuwa mwamba mtupu chini ya shibiri moja ya udongo, isipokuwa ukanda mmoja laini, uliogusana na mpaka wa Mama Neema.

Niliitwa siku ya Jumatatu. Nikamkuta Mama Neema ameketi chini, miguu ameinyoosha, juu ya mahali hasa ambapo Bahati alikuwa amechora shimo kwa majivu. Bahati alisimama na sururu begani, hajui aicheke hali au ailie.

"Papa Elia, mimi sina ubaya na huyu mama," akaniambia. "Lakini niko na batoto sita, na bibi yangu hawezi kwenda mbali kwa kichaka. Fasi ingine yote ni jiwe. Nichimbe wapi?"

"Chimba fasi ingine," akasema Mama Neema.

"Gani, mama? Unionyeshe basi."

"Ingine."

"Huyu mama iko na neno moja tu," Bahati akaniambia. "Na si la kunisaidia."

Nikatoa utepe. Mbele za watu wote nikapima kutoka barabarani, na utepe ukasema mita thelathini pale pale kwenye kigingi changu. Mama Neema alikuwa ameketi nje ya mpaka.

"Mama, mwisho wako ni hapa."

"Si hapa."

"Utepe ndio unasema."

"Utepe ulikuwaka wapi ile siku? Mimi nilikanyaga mupaka na muguu yangu. Kamba ya ule muzee ilifikaka huku."

Jua lilikuwa kali na nilikuwa nimechoka. Nikasema neno ambalo, kama maneno yangeng'oka kama vigingi, ningeling'oa hata leo.

"Mama, ni nusu hatua tu. Utaifanyia nini?"

Aliniangalia. Hakukasirika, ingekuwa nafuu. "Weye ndiye unaniuliza," akasema polepole, na mkono wake ukaendelea kulainisha majani pembeni yake, ukiyalaza upande mmoja, kama mtu anayemfunika mwingine shuka bila kumwamsha.

Madamu Kemigisha akaamua bila ukali: Alhamisi saa nne Bahati achimbe, yeye mwenyewe atakuwepo. Alikuwa na fomu yangu mkononi. Fomu ilisema thelathini.

Sikuona vizuri ule mkono uliolaza majani mpaka nilipofika nyumbani. Nilikuwa ninanawa miguu, nikauona. Kisha nikauona mgongo mtupu wa mwaka wa tisini na saba. Jumatano alfajiri nikashika njia ya Masha.

Mzee Byaruhanga alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake, macho yamekuwa meupe kama maji ya mchele. Sikusema kitu, nilifungua ile mita ya baba, vipande vyake vikalia kimoja kimoja.

"Mukongo," akasema. "Hiyo kitu yako bado inagonga meno."

"Bado, Mzee."

"Hata futi bado haijaota?"

"Haijaota."

Tukacheka, tukanywa maziwa, halafu nikamweleza. Alisikiliza ameegemea fimbo. Nilipomaliza akaonyesha kwa kidevu ndani ya nyumba. Kamba ilikuwa imetundikwa kwenye boriti juu ya moshi, kavu, na ule mti wa futi kumi umesimama kwenye kona. Tukaanza kama Jumatatu za zamani: nikailaza kamba uani, nikaipima kwa mti mara kumi, kitambaa cha mwisho nikakisogeza kidogo. Kisha nikalaza utepe wangu kando yake, nikatembea kwa magoti hadi mwisho.

"Ngapi?" akauliza.

"Mita thelathini."

"Na?"

"Na sentimita arobaini na nane."

Ng'ombe mmoja akakohoa zizini.

"Zile punje za mtama," akasema, "ulifikiri ni nani alikula?"

Niliinama nikaikunja kamba. Aliniambia niende nayo, yeye hana tena cha kupimia. Nikiwa langoni akaniita: "Mukongo! Umande."

Alhamisi asubuhi majani yote yalikuwa yamelowa. Bahati alikuwepo na sururu, Madamu Kemigisha alikuwepo na saa yake, majirani wamejipanga kama kwenye mahubiri. Mama Neema alikuwa ameketi pale pale, na kitenge kimelowa hadi magotini. Naamini alifika kabla ya jogoo. Hata kamba, niliyotembea nayo begani ndani ya ukungu, ilikuwa imenywa.

"Mzee Elia, saa nne imefika," akasema Madamu. "Kama unapima na hiyo kamba, pima."

"Nangojea ikauke, Madamu. Sasa hivi ni fupi. Nikipima itamdanganya huyu mama, na mimi nimekwisha kumdanganya mara moja."

Nilisema kwa sauti, wote wakasikia. Nikaitandaza juu ya kichaka. Tukasubiri. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutofanya kitu. Bahati alikaa juu ya mpini wa sururu yake, akauliza kama kamba haiwezi kukaushwa juu ya moto. Nikamwambia ikikaushwa motoni inakatika. "Kama sisi," akasema, na watu wakacheka, hata Madamu kidogo. Mama Neema hakucheka. Alikuwa anaitazama kamba.

Jua lilipopanda na kamba ikaanza kukwaruza kiganja, nikamwomba Bahati mwenyewe ashike mwanzo, kule barabarani, kwenye jiwe la mpaka. Mimi nikatembea na mwisho. Nikapita jikoni kwa Mama Neema, nikapita migomba yake, nikafika kwenye kigingi changu. Kamba ikakipita. Kitambaa chekundu cha mwisho kikatua juu ya majani upande wa pili wa Mama Neema, nusu hatua mbele. Akawa ameketi ndani ya mpaka wake.

Alisimama. Akapiga magoti, akayatenganisha majani kwa mikono miwili. Ndani yake kulikuwa na mawe saba, kila moja si zaidi ya kiazi, yamepangwa kwa mviringo mrefu, mfupi kuliko mkono wangu.

"Huyu ndiye niliingia naye," akasema. "Alikuwaka na siku kumi na moja. Jina hatukufikia."

Bahati alikuja kutoka barabarani akikunja kamba bila kujua kwa nini watu wamenyamaza, akaona, akavua kofia.

"Mama," akasema. "Si ungeniambia tu?"

"Ningesema, ofisi ingemutoa, imupeleke kwa makaburi ya bote. Ile siku nilikuwa sijui mutu hata moja huku. Nikasema, nitamuweka ndani ya mupaka wangu. Tulikimbia fasi mingi, yote ya batu. Hii balinipimia. Nilijua hapa hakuna mutu atamufukuza."

Balinipimia: walinipimia, na waliompimia ni sisi. Alikuwa amemlaza mtoto wake chini ya dhamana ya kamba yetu, na mimi kwa wimbo wa rula nikamtoa nje.

Madamu Kemigisha aliangalia fomu, akaniangalia mimi.

"Hii ni kazi ya nani?"

"Yangu, Madamu."

"Na kosa?"

"Langu pia. Si kiwanja hiki tu. Ni mstari wote."

"Unajua ni fomu ngapi?"

"Arobaini. Nitaziandika leo."

Akatoa kalamu moja kati ya tatu zake, akanipa. Kaburi hakulitaja katika karatasi yoyote. Kwa hilo ninamheshimu hadi leo.

Choo cha Bahati kilichimbwa kwenye mwamba. Tuliwasha moto juu ya jiwe, likiwa jekundu tukalimwagia maji baridi, likapasuka, tukatoa vipande, tukawasha tena. Ilichukua siku tano na watu wanane, nami nikiwa mmoja wao, na jioni niliandika fomu kwa vidole vyenye malengelenge: thelathini nukta nne nane, thelathini nukta nne nane, mara arobaini. Mama Neema ndiye aliyeleta maji ya kumwagia jiwe. Choo kile bado kipo. Bahati husema kitamzika yeye na wajukuu wake, na ni kweli, sijaona choo imara kama kile Isingiro nzima.

Miaka yangu ya mwisho mnaijua, mlikuwepo. Mlinicheka kwa kusimamisha kazi umande ukiwepo, ilhali utepe wetu ni wa plastiki na hauna kiu. Mlikuwa sahihi. Lakini asubuhi mtu anapongoja hupata nafasi ya kutazama kilichomo ndani ya majani.

Mwaka huu, wiki moja kabla sijawakabidhi vifaa, Mama Neema alinijia ofisini. Neema, ambaye sasa ni mama mwenyewe, alikuwa ameitwa kuhamishiwa ng'ambo pamoja na familia yake, na mama yake anakwenda naye. Kiwanja kitapewa mwingine. Bahati alikuwa ameshaahidi kuyatunza mawe, na watoto wake wanajua. Lakini Bahati ni mtu, alisema Mama Neema, na mtu naye anaweza kusafiri.

"Uniandikie," akasema. "Kutoka barabara mupaka kwa mutoto. Neema akirudi siku moja asitafute-tafute."

Tukaenda pamoja. Nikamwahidi kwanza kwamba kamba nitabaki nayo, na kila kiangazi nitainyoosha kutoka kwenye lile jiwe la barabarani, Bahati ashike mwanzo, kuona kama mpaka haujasogezwa. Huyo ndiye mbuzi wangu, kijana uliyeuliza. Kisha nikapima kwa utepe hadi katikati ya mawe, nikaandika: kutoka jiwe la barabarani, mita thelathini na sentimita ishirini, kutoka uzio wa kushoto, mita nne na sentimita ishirini na saba.

"Andika na futi," akasema. "Neema anasema kule tunaenda banapimaka na futi. Bajukuu bangu batajua hiyo."

Nikapiga hesabu kwenye kiganja, nikapiga tena kwenye karatasi. Kutoka uzio, futi kumi na nne. Kutoka barabarani, futi tisini na tisa na inchi moja.

"Ni sawasawa?" akauliza. "Hii na ile?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa na miaka sitini na miwili na wiki moja tu ya kazi iliyosalia.

"Karibu sawa, Mama. Imebaki tofauti ndogo, nyembamba kuliko ukucha wa mtoto."

Aliiangalia karatasi kwa muda, yeye asiyejua kusoma, kama mtu anayeweka mguu pembeni mwa kigingi.

"Iandike," akasema.

Nikaiandika.